Mashine Isiyobisha

Siku nilipopata kompyuta yangu ndogo, ambayo mtu wa Mwanza alikwishaichoka, nilijisifu mpaka nadhani ng'ombe wa kule Mwamapalala waliacha kucheua wanisikilize. Ilikuwa nyepesi kama sahani ya bati, na ndani yake mlikuwa na vitabu vya shule na programu ya bure inayowasomea wasioona maandishi kwa sauti.

Mimi macho yaliniaga nikiwa kijana. Sekondari niliisoma jioni, hapa Bariadi, kwa macho ya mwanafunzi mwenzangu, fundi seremala. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu kunisomea madaftari. Alisoma vibaya kuliko binadamu wote. Akifika kwenye somo la soko huria haendi mbele. Atabishana na daftari kuhusu wanunuzi wa pamba na mizani zao, nami nitambishia, huku tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Ukurasa mmoja ulimaliza mchana.

Basi nikamwambia mbele ya darasa zima, "Sasa pumzika, ngosha. Mashine inamaliza kitabu kabla wewe hujapata miwani yako." Darasa likacheka. Nadhani na yeye alicheka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Kwetu mtu akishatangaza kwamba jembe lake linamtosha, majirani hawaendi kumlimia. Kumwendea bila kuitwa ni kumdharau. Nilijua kabisa kwamba mwenye kuita ni mimi. Nikakaa na mashine. Ilisoma soko huria lote kwa lafudhi ya Kizungu, bila kupumua, bila kubisha, bila kuomba maji ya kunywa. Ikimaliza, nyumba ilinyamaza hadi nikasikia mchwa wakila mlango. Nikawa naiacha inaongea hata nikipika, isome majina ya mafaili tu, ili pawe na mtu. Hapakuwa na mtu.

Baada ya Jumapili kama mia hivi, yaani sita, nilipapasa kwa fimbo hadi karakana yake. Alinipokea kwa adabu, kama anavyompokea mteja wa kitanda. Adabu ile iliniuma. Nikamwambia mashine imekufa, imeungua, haifai hata kufunikia chungu. Akasema pole, atapita Jumapili.

Akaja kweli. Alikuwa amesoma mistari mitatu tu, mara pale mezani, chini ya kitambaa, marehemu akatangaza kwa Kiingereza kwamba chaji inakaribia kwisha.

Fundi alifunga daftari.

"Ungeniita tu," alisema.

"Niliona aibu."

"Na mimi niliona aibu kuja."

Akainuka. Nilidhani anaelekea mlangoni, kumbe anatafuta waya. Akauchomeka ukutani, akarudi kukaa. Siku hiyo hatukusoma tena. Tulikaa kama watu waliofiwa na jambo ambalo hawana uhakika kama limekufa.

Alipoaga nilimsindikiza, nikapitiliza pale tulipozoea kuagana, nikapitiliza na kiwanda cha pamba, mpaka akaniuliza kama nahamia kwake.

"Jumapili je?" nikasema.

"Niite."

Nikamwita pale pale barabarani, kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko Maswa, ingawa alikuwa amenishika mkono.