Gari Lililoingia Singe Kimyakimya

Pantaleo Wilbroad, mnunuzi wa mbaazi na mahindi wa hapa Babati, alikuwa na miaka hamsini na mbili aliponunua gari ambalo hata wakubwa wa mkoa wangelifikiria mara mbili. Lilikuwa refu, jeusi, la kifahari, limeshatumika miaka tisa huko Japani kabla ya kuletwa Arusha kumsubiri mtu kama yeye. Ndani lilikuwa na mitambo miwili, injini ya petroli na mota ya betri. Likienda polepole, betri ndiyo inayolisukuma na injini imelala. Likitaka kukimbia, injini inaamka. Ili alipate, aliuza pikapu aliyokaa nayo miaka kumi na tisa, ile ambayo bomba lake la moshi lilitoboka tangu binti yake Brightness yuko chekechea. Brightness huyo sasa ni nesi Dodoma.

Mtu asidhani lilikuwa jambo la maringo tu. Maringo yalikuwepo, sikatai, lakini kulikuwa na jubilei. Jumapili moja ya Agosti, Pantaleo na mkewe Kandida walikuwa wabarikiwe kanisani kwa kutimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Siku ya harusi yao, Pantaleo alimfikisha bibi harusi kanisani kwenye trela la trekta, juu ya magunia, na shela ikajaa pumba. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote. Safari hii aliapa kwamba mke wake atashuka mlangoni pa kanisa kutoka kwenye gari la maana.

Kandida alilizunguka gari mara moja kama mtu anayenunua mbuzi, akafungua buti, akasema haliingii hata magunia mawili, akarudi jikoni. Jioni akamwambia mumewe kwamba siku ya jubilei yeye atapanda bajaji. Hakufoka wala hakununa, na hapo ndipo Pantaleo alipoogopa. Kandida akifoka, mambo huwa yameisha kabla ya chai. Akisema taratibu, jipange.

Basi Pantaleo akapiga hesabu zake: inabidi watu wengine walisifu gari mpaka sifa zimfikie Kandida na kumlainisha. Alikuwa na wiki tatu.

Tuseme ukweli, gari lilikuwa tamu. Ukilitoa mjini ukashika lami ya kwenda Bonga, unajiona umekaa sebuleni na barabara ndiyo inakuja kwako. Kiti kilimshika mgongo vizuri, na yale maumivu ya kiuno aliyoyazoea kwenye pikapu yakaisha ndani ya siku nne. Kila asubuhi akibonyeza kitufe cha kuwasha, mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi alisema maneno marefu kwa sauti ya adabu. Pantaleo hakujua maana yake, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri anayemwamkia mkubwa wake, kwa hiyo alimjibu "Marahaba". Wiki ya pili akaanza kumuuliza na habari za nyumbani.

Shida ilikuwa tumbo. Gari lile lilikaa chini mno kwa mtu anayekaa Singe, nje ya lami, na kila jiwe la njia ya kwake lilishaligusa. Matuta ya Bonga aliyapita kwa mshazari, tairi moja moja, huku bodaboda wakimpita na kumpungia mkono kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Shida nyingine ilikuwa ule ukimya. Siku moja alifika nyuma ya kundi la ng'ombe na hakuna hata mmoja aliyegeuza sikio. Mzee mfugaji kutoka uwanda wa Hanang alipogeuka, alikuta bampa liko kwenye vigimbi vya miguu yake. Aliruka, akatulia, akalitazama gari kutoka taa mpaka taa, kisha akamweleza Pantaleo kwamba kwao anayekuja hivyo ni fisi peke yake.

Abiria aliyemtegemea zaidi alikuwa mwalimu Teodori, katekista wa kigango, mzee wa miaka sabini ambaye neno lake Kandida hulisikiliza. Pantaleo alimkaribisha kiti cha nyuma wakaenda Bonga kuona wagonjwa. Ili kumwonyesha makuu, akawa anabonyeza kila kitufe chenye maandishi ya Kijapani. Kimojawapo kilikuwa cha kupasha joto kiti cha nyuma. Baada ya kilomita mbili, mzee wa watu akasikia umotomoto chini yake, unaanza taratibu na kusambaa. Akajua uzee umemwaibisha, tena ndani ya suruali ya suti. Alifumba macho na kusali njia nzima. Walipofika alikataa kushuka, akamwomba Pantaleo atangulie kuwasalimu wenyeji. Alipobaki peke yake ndipo akapapasa kiti, akakuta kikavu. Wakati wa kurudi alilisifu gari kwa sauti kubwa mpaka mjini, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa heshima yake.

Pantaleo alizipeleka sifa hizo nyumbani zikiwa bado za moto. Kandida akajibu kwamba kama mwalimu amelipenda hivyo, basi mwalimu huyo ndiye alipande siku ya jubilei.

Ikafika Alhamisi, zimebaki siku tatu. Shela mpya imeshapigwa pasi, ng'ombe ameshapatikana, na dereva wa bajaji ameshapewa taarifa, jambo lililomuuma Pantaleo kuliko yote. Jioni hiyo alitoka stoo yake ya mbaazi amechoka na amekata tamaa. Aliiacha lami, akavuka kidaraja, akapanda polepole kwa betri mpaka ubavuni mwa ua wake wa minyaa. Akasimama pale akitafuta neno la mwisho la kumwambia mke wake.

Nyuma ya minyaa, Kandida na jirani yake Mama Modesta walikuwa wanachambua maharage. Dirisha la gari lilikuwa wazi. Mama Modesta alikuwa anauliza, kama Singe nzima ilivyotaka kuuliza, gari la watu limemkosea nini.

"Halijanikosea," Kandida akasema. "Ile pikapu ilikuwa ikifika darajani naisikia. Nabandika maji ya ugali, na yeye anaingia yakiwa yanachemka. Miaka kumi na tisa, mama. Na isiposikika, najua bado yuko njiani, nasali. Sasa huyu mtu anaingia ndani mwake kama mgeni. Nageuka namkuta kasimama mlangoni, chakula sijaanza. Jioni nzima nimetega sikio na hakuna cha kusikia. Nikilipanda lile gari, ndiyo nimekubali iwe hivyo mpaka tufe."

Pantaleo alibaki ameshika usukani. Karibu wiki tatu alikuwa anadhani kosa ni buti lisiloingia magunia! Aliona aibu, kisha akasikia uchungu, kisha akaona wazi kwamba mke wake alikuwa amemsubiri kwa masikio miaka yote hiyo na yeye alidhani ile ni kelele ya bomba bovu. Alitaka kukohoa ajulikane, akasita. Mwanamke akijua amesikilizwa siri zake na mtu aliyejificha kwenye minyaa, hata bajaji haitakuwepo.

Akaweka gia ya kurudi nyuma. Gari likaanza kulia ti, ti, ti humo ndani, naye akabana pumzi kama vile akiacha kupumua litanyamaza. Kinyumenyume akashuka njia yote, akapishana na mbuzi watatu na mtoto wa Mama Modesta aliyemwamkia kwa mshangao, mpaka akafika darajani. Hapo akasimama, akashusha vioo vyote, akalalia honi.

Ilikuwa honi nene ya kitajiri na alikuwa hajawahi kuipiga kwa nguvu. Aliipiga mara tatu, ndefu. Singe ikatoka nje. Wengine walidhani ni harusi, mmoja akaanza kupiga vigelegele kabla ya kuuliza ni ya nani. Pantaleo akapanda taratibu katikati yao, anasalimia kulia na kushoto, mpaka kwake.

Alimkuta Kandida jikoni, moto umekolea, sufuria iko juu. Hakugeuka.

"Honi zote hizo za nini, Baba Brightness?"

"Nakwambia narudi."

Kandida akamimina unga. "Leo tu?"

"Kila siku. Nikifika darajani."

Kandida akasonga ugali muda mrefu, mwiko unagonga sufuria, na Pantaleo amesimama pale na funguo zake mkononi, hathubutu hata kuvuta kigoda.

"Na Jumapili," Kandida akasema, "tutoke saa ngapi?"

Pantaleo akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Akanyoosha kidole kimoja, kisha cha pili akakikunja nusu: saa moja na nusu.