Maua Kumi na Mawili Mlangoni kwa Delfina

Mimi ndiye niliyetangaza msiba wa mtoto aliye hai.

Sikutumwa na mtu. Nilikaa na akili zangu timamu, nikaamini hesabu ya maua kwenye picha, nikapiga simu, na kufikia Jumamosi mchana makochi ya dada yangu yalikuwa nje kwenye theluji.

Mtacheka. Chekeni tu. Ila siku ile hakuna aliyecheka, na hadi leo nikiona gari linapaki taratibu nje ya nyumba, nachungulia kwanza dirishani ni la nani.

Jina langu Veridiana. Ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, sasa naishi Columbus, Ohio, nalea wazee majumbani mwao. Dada yangu mkubwa, Dafroza, yuko Okolona kule Louisville, anafunga mizigo ghalani. Kaka yetu Gaudiosi yuko Buffalo, New York, kiwandani. Tumebaki sisi watatu na Mama, ambaye alirudi Burundi.

Dafroza ana mtoto mmoja tu, Delfina. Miaka ishirini na minne, pasi ya Marekani mkononi, Kiswahili cha kuchanganya na Kiingereza, mdomo hauna breki. Mwaka jana akapata kazi ya kufundisha Kiingereza Urusi, kwenye mji unaitwa Perm.

Weee! Dada alipandisha presha.

"Nimekimbia vita nikiwa na mimba yako," alimwambia mbele yangu. "Nimekulea kwa mahindi ya mgao. Nimekuleta mpaka Marekani. Halafu wewe unakata tiketi kwenda nchi yenye vita?"

"Mama, it's a job. Perm ni mbali na vita. Mwaka mmoja tu."

"Ukivuka mlango huu usinipigie. Naapa mbele za Mungu, na mama yako mdogo ni shahidi, sitapokea."

Delfina akavuka.

Kuanzia hapo mimi ndiye nikawa katikati. Kila siku mbili tatu ananirekodia sauti ndefu, nami nazisikiliza nikiosha vyombo.

"Mama mdogo, huku ukimtabasamia mtu kwenye basi anakuangalia kama una kichaa. Wiki nzima nasalimia, hakuna aliyeitikia!"

"Mama mdogo, kila nyumba unavua viatu mlangoni, wanakupa ndala. Wana ndala za wageni, saizi zote!"

"Mama mdogo, nje ni digrii ishirini na tano chini ya sifuri, ndani joto mpaka tunalala dirisha wazi. Na hakuna swichi ya kupunguza."

Halafu ikaja ile ya koti. Shuleni kwake lazima uvue koti, umkabidhi mama mmoja anayeyatundika. La Delfina lilinunuliwa Louisville, halina kitanzi kwenye kola. Yule mama akamfokea mbele ya wanafunzi wake, naye haelewi neno hata moja. Jioni akakaa kwenye ngazi za jengo lao analia.

Akatokea bibi wa ghorofa ya chini, Zinaida, ambaye tangu afike hajawahi kumjibu salamu. Akamvua koti mwilini, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

"Nikajua nimeibiwa," Delfina alisema. "Mama mdogo, baada ya dakika kumi katoka. Kitanzi kimeshonwa! Kaniwekea mkononi, kaingia ndani. Hakusema kitu."

Nilicheka, nikalia kidogo. Nikampigia dada.

"Delfina anakusalimia."

"Delfina yupi?" akajibu, akaanza kuniuliza bei ya unga wa muhogo Columbus.

Moyo wa jiwe, nikawaza. Ila kuna siku nilimwambia nataka kununua koti jipya, akanijibu haraka haraka, "Nunua lenye kitanzi." Mimi huyo, nikapita. Sikujiuliza kitanzi amekijulia wapi.

Sasa sikilizeni.

Jumatano moja mwezi wa pili, picha ikaingia kutoka namba ya Delfina. Picha tupu. Hakuna neno, hakuna sauti.

Ilikuwa ya mlango wake, imepigwa kutokea nje. Namba arobaini na saba, naijua. Chini, kwenye zulia la kufutia miguu, maua mekundu yamelazwa.

Nikaandika, "Umepata mchumba?"

Tiki moja tu, ujumbe haujafika.

Alhamisi, tiki moja. Nikapiga, haiiti kabisa. Nikatafuta namba ya shule yao, akapokea mwanaume, akaongea Kirusi, mimi nikasema "Delfina, Delfina," akakata.

Delfina huyu ambaye hawezi kula yai bila kunisimulia, ametuma picha bila neno? Na kama yuko ndani, nani kasimama nje anapiga picha mlango wake?

Ijumaa nikaenda kazini kichwa kinauma. Mzee ninayemlea ni Bibi Galina, miaka themanini na sita, mzaliwa wa Urusi. Nikampa chai yake, nikaona nimwonyeshe, labda atajua hiyo desturi.

Akavaa miwani. Akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya kioo cha simu. Akafika mwisho, akarudia tena toka mwanzo.

"Kumi na mbili," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Nani kafa hapa?"

"Kwa nini?"

"Mtu hai unampa kumi na moja. Unampa kumi na tatu. Kumi na mbili ni ya kaburini. Mtoto mdogo kwetu anajua."

Halafu akanishika mkono. Bibi Galina, anayenigombeza kila siku kwa ajili ya chumvi, akanishika mkono asiuachie.

Nikampigia Gaudiosi. Nilipomaliza kumweleza akauliza jambo moja tu.

"Dafroza anajua?"

"Hajui."

"Usimpigie."

Alikuwa sahihi. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu anafuatwa kwake, anakalishwa, anazungukwa na watu, ndipo anaambiwa. Na dada ana presha. Mwaka juzi ilipanda akalazwa wiki nzima, daktari akasema mshtuko mkubwa unaweza kumwondoa. Nilikuwa nimempoteza Delfina, na kwa mdomo wangu mwenyewe naenda kummaliza dada.

Jumamosi Gaudiosi akatoka Buffalo alfajiri, akanipitia Columbus, tukaongozana magari mawili. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. Sikupata sentensi.

Tukafika Okolona saa saba na nusu. Mchungaji Ruhimbika, Mkongomani, tuliyempigia Ijumaa usiku, ndiye anayetunza ufunguo wa akiba wa dada, na tayari alikuwa amefungua. Kina mama wa kanisani wameingia na masufuria, wanaume wanatoa makochi nje, mikeka inatandikwa. Mbio mbio, kimya kimya, dada asije akawahi kutoka kazini.

"Bon," mchungaji akasema, "tusimuambie haraka. Donc, kwanza akae chini. Weye Veridiana, ukae karibu yake."

Saa nane na nusu gari lake likakata kona.

Likasimama katikati ya barabara.

Aliona gari langu, namba za Ohio. Akaona la kaka, namba za New York. Akaona makochi yake kwenye theluji. Mtu wetu akiona hivyo haulizi kama kuna jambo. Anauliza ni nani.

Hakushuka. Nikasikia milango ya gari inajifunga, kachu. Akaweka paji la uso kwenye usukani.

Nikagonga kioo.

"Ondoka, Veri."

"Dada, fungua."

"Ni Mama?"

"Mama mzima."

Akavuta pumzi. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia Gaudiosi kule mlangoni.

"Kama si Mama, na nyie wote wawili mko hapa," akasema polepole, "mimi nimebaki na nani mwingine?"

Akajijibu mwenyewe. Niliona uso wake unavyojibu. Jamani, natamani nisingeuona.

Tukamtoa kwenye gari, tukamkalisha mkekani na fulana yake ya kazini ile ya kung'aa. Mchungaji akafungua mdomo, dada akamnyamazisha kwa mkono.

"Aseme Veri."

"Delfina, dada. Delfina ametutoka."

Kelele aliyopiga sitaiandika hapa. Akaangukia ubavu, Mukandoli wa kwaya akammwagia maji, Gaudiosi kashika kifundo cha mkono anasikiliza mapigo, mimi nimepiga magoti nasema dada pumua, dada pumua. Mtu mmoja akasema apigiwe ambulensi.

Ghafla akanishika kola.

"Lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii iliyopita."

Akaniachia. Akakaa. Akajifuta kamasi kwa mkono wa shati.

"Nani kakuambia?"

Nikamweleza picha, ukimya wa siku nne, Bibi Galina, kumi na mbili ni ya kaburini. Akasema lete nione. Akaishika simu yangu kwa mikono miwili, akaiangalia. Akaiangalia. Machozi yakakauka, na ukaja uso ninaoujua tangu tukiwa watoto kambini, uso wa mtu aliyekutwa na sukari ya nyumbani mdomoni.

"Veri," akasema kwa sauti ndogo. "Hayo maua nilimwambia mimi anunue."



"Wewe? Umeongea na Delfina lini?"

"Leo. Saa kumi na moja alfajiri."

Aisee.

Kumbe! Mtoto alikaa Urusi wiki tatu tu, akampigia mama yake. Namba ngeni, ndefu, mama akaijua, akapokea. Na hakuacha tena. Kila siku alfajiri, kabla ya kuingia kazini, amekaa ndani ya gari anaongea na Delfina, halafu mimi nikimpelekea salamu ananiuliza Delfina yupi!

"Nilimwambia asikuambie," akasema. "Niliapa mbele yako. Nikaona aibu."

"Na hizi siku nne?"

Akainamisha kichwa. Jumatano Delfina alipiga ile picha, kabla hajanirekodia simu ikamponyoka ngazini, ikapasuka. Akanunua nyingine na laini mpya. Namba aliyonayo kichwani ni moja tu, ya mama yake. Nakumbuka Dafroza alivyomkaririsha tulipofika Louisville, mtoto ana miaka saba, anaiimba mpaka majirani wanagonga ukuta.

"Aliniambia nikuambie kabadilisha simu, usihangaike," dada akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila wewe kujua kwamba naongea naye."

Nilikasirika. Nilitaka kumpiga dada yangu mkubwa, Mungu anisamehe, mkekani hapo hapo mbele ya mchungaji.

"Siku nne, dada! Nimeendesha kutoka Columbus kuja kukuua!"

"Na wewe ungeniuliza!"

"Ningekuulizaje? Si unasema Delfina yupi!"

Gaudiosi akasema, "Piga hiyo namba. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Kule ilikuwa imeshapita saa sita usiku. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa. Delfina huyo, kofia ya nywele kichwani, jicho moja limefumba.

"Mama? What's wrong?"

Halafu akafumbua la pili. Akaona mikeka. Akaona makochi hayapo. Akamwona mchungaji, akaniona mimi wa Columbus, akamwona mjomba wake wa Buffalo. Mtoto amekulia Marekani lakini ni wetu, hilo analijua vizuri. Akapiga ukelele.

"Nani amekufa?! Mama! Nani amekufa?!"

"Wewe," Gaudiosi akasema.

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Waliolia wakacheka, waliocheka wakalia, mchungaji Ruhimbika kajishika mbavu ukutani. Dada pekee hakucheka. Alikuwa anapapasa kioo cha simu kwa dole gumba, anarudia, "Uko mzima. Uko mzima."

Maua yenyewe yalikuwa shukrani kwa Zinaida, kwa ajili ya kile kitanzi. Delfina alimuuliza mama yake anunue mangapi.

"Nikamwambia kumi na mawili," dada akasema. "Kama mitume. Nilitaka yawe na baraka."

Zinaida alipokea, akahesabu, akageuka rangi. Akapanda nayo juu, akayalaza mlangoni kwa Delfina, akashuka bila neno. Delfina akapiga picha aniulize mimi kosa lake ni nini, maana anajua kwamba namlea Bibi Galina, Mrusi. Kesho yake mwalimu mwenzake akamweleza, akaenda kuomba radhi. Yule bibi akasimama mlangoni, akachomoa ua moja, akamrudishia. Yale kumi na moja akaingia nayo ndani.

Tulirudisha makochi yamelowa. Chakula cha msiba tulikila chote, na jioni ile dada alinikabidhi namba mpya ya Delfina, kaiandika kwenye kipande cha boksi la ghalani, tena hakuniangalia usoni.

Nilimsamehe Jumapili, tukiwa kanisani. Sikumwambia. Alijua tu, maana nilimkaribisha kitabu changu cha nyimbo.

Fundisho? Ninalo. Msiba hausemwi kwenye simu, hiyo ni desturi yetu na sitaiacha. Lakini uzima unasemwa. Kama kuna mtu uliapa hutaongea naye, na kumbe unaongea naye kila alfajiri umejificha kwenye gari, mwambie ndugu yako leo. Hakuna atakayekucheka. Na wewe uliyekaa na picha unahesabu maua, muulize mama mtu kwanza, kabla hamjatoa makochi yake nje.