Ugali wa Shamba la Kijiji

Mavuno ya kwanza ya shamba la kijiji yaliwatia watu saba wazimu. Walikula ugali wa mtama mchana shambani, na kabla ya jioni walikuwa wakikamata ndege wasiokuwapo na kuzungumza na marehemu. Midomo ilikauka, mboni za macho zilitanuka, mioyo ilienda mbio. Mimi ndiye niliyekuwa nesi wa pekee wa zahanati, kule Magu, mgeni kutoka Bukoba.

Walipopona, wote walisema wamemwona bibi aliyesaga unga ule akija amepanda fisi. Huyo ndiye bibi aliyenipa chumba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za mavi ya ng'ombe, na kwa watu wengi hilo lilitosha kumwita mchawi. Nilijua wanavyofanywa wazee wanaoitwa wachawi. Nikakasirika.

Shamba lile lilikuwa zizi la zamani, na palizi ikiwa ya wote, kila mtu alimwachia mwenzake. Mnanaha ukaota humo, lile gugu la maua marefu meupe na matunda ya miiba. Nilimwaga gunia mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nikamwonyesha mbegu za gugu hilo ndani ya mtama, nikamwambia ndizo sumu iliyowatia watu wazimu.

"Mbegu zinapanda fisi, nesi?" aliniuliza.

"Basi nitakula mimi. Mkeo asage, mkeo apike. Bibi mkae naye hapa ofisini, asiguse kitu."

"Mwanangu, acha, utakufa bure," bibi alinisihi.

Nilikula matonge matatu. Niliwaambia watakachokiona: mdomo kukauka, mboni kutanuka, kuchanganyikiwa. "Na lolote nitakalosema, msiliamini."

Kwanza mate yaliniisha. Kisha siafu wakapanda ukutani, nikawa nawaokota mmoja mmoja na kuwatia mfukoni mwa gauni langu jeupe. Halafu fisi akaingia mlangoni, na juu yake amekaa bibi, ananicheka. Nilimwona wazi kama ninavyoiona karatasi hii.

Nilizinduka kesho yake mchana. Bibi alikuwa ananilowesha midomo kwa kitambaa. Mke wa mwenyekiti alinisimulia yaliyotokea: nilipiga kelele, "Mchawi huyo, mkamateni!" Wanaume wakainuka. Yeye akasimama mlangoni akawaambia, "Nesi alisema tusimwamini. Na ugali nimeusonga mimi. Haya, nikamateni mimi." Wakaketi. Mwenyekiti akaamuru magunia yote yapembuliwe upya, na bibi aende nyumbani.

Tulipobaki wawili, mimi na bibi, nilimwomba radhi huku nikilia. Aliendelea kukamua kitambaa.

"Huyo fisi," aliniuliza, "ulikuwa unamjua kabla hujala?"

Kwa miezi minane nilikuwa nikisikia kisimani habari za bibi na fisi wake, nikicheka pamoja na wenzangu, kisha jioni nakula chungu kimoja na bibi.

"Ndiyo, bibi," nikamjibu.