Meza Iliyopanda Orofa ya Tatu

Hakuna jambo la binadamu linaloweza kunishangaza. Nimelisema hilo baani, nimelisema kanisani, na nimelisema mbele ya watu wenye digrii tatu. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba magunia ya mchele Wang'uru mpaka mabega yakaota sugu, na leo niko na jengo la orofa nne mkabala na lango la chuo kikuu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Hakuna benki iliyonishika mkono. Waliosoma ndio wananilipa kodi.

Kwa hiyo chuo kilipounda kamati ya kuzuia ukatili kati ya wanafunzi, niliona ni haki yangu kualikwa. Walitaka wenye nyumba za kupangisha, kwa sababu wanafunzi wengi hulala nje ya chuo na huko ndiko wanakoumizana. Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja, mshauri wa wanafunzi, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza alituambia: msichana akikuletea shida ya mwanaume, msikilize peke yake, umlete kwangu, na huyo mwanaume usimwite.

Nikainua mkono. "Madam, hiyo ni njia ya ofisi. Sisi kule Wang'uru, wapakiaji wawili wakipigana, tulikuwa tunawapa gunia moja walibebe pamoja hadi kwa lori. Likianguka, wote wanakatwa pesa. Wakifika, wameshaanza kuongea."

"Na kama mmoja anamwogopa mwenzake?"

"Basi atashika vizuri."

Wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Yeye alingoja tumalize, akaendelea.

Julai, wakati ule ukungu unakaa Nyeri hadi karibu saa sita, msichana mmoja wa Gakindu alihamia kwangu. Alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Vitu vyake vingine vilikuwa bado uani aliponijia.

"Mzee, kuna kijana tuliachana lakini ananifuata. Hajui nimehamia hapa. Naomba soja wa langoni asimruhusu, na mtu asimwambie chumba changu."

"Amekupiga?"

"Mara moja. Lakini sasa anasema vitu vibaya zaidi."

"Niachie mimi."

"Mzee, sitaki ajue nimekwambia."

"Si nimesema niachie?"

Kumpata kijana hakukuwa kazi. Wanafunzi wote wanakula chapati kwenye kibanda kimoja; niliuliza mara moja, nikaonyeshwa. Alikuja amechana nywele, akanisalimu kwa mikono miwili. "Mkubwa, ni mambo ya mapenzi tu. Hata mimi nimechoka kugombana." Nilimpenda palepale.

Nikamwita msichana ashuke. Uani kulikuwa na meza yake ya kusomea, ya mvule, nzito kama ng'ombe.

"Shikeni, mmoja huku na mmoja huku. Mpeleke juu."

"Nitaibeba mwenyewe, mzee."

"Utavunjika mgongo. Shika."

"Twende basi, madam," kijana akasema, akicheka.

Nilipanda nyuma yao nikiwahimiza kama wapakiaji wangu. Orofa ya tatu msichana alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, hafungui. Niliuchukua mkononi mwake, nikafungua mwenyewe. Meza ikaingia. Nikawaambia wapeane mikono, wakapeana. Msichana hakusema neno, na mimi niliuhesabu ule ukimya kuwa amani.

Nikampigia mshauri simu. "Kesi imeisha, Madam. Na sijatumia hata karatasi."

Akauliza, "Sasa kijana anajua mlango wake?"

"Si wamebeba meza pamoja?"

Akaniambia nimpeleke msichana chuoni siku hiyohiyo, kitanda kipo. Nikamjibu ati wamepatana, aache haraka, nitamleta kesho mwenyewe.

Kesho yake nilienda Kianyaga kununua mbao. Mchana kijana alifika langoni akamwambia soja kwamba jana aliingizwa na mwenye nyumba. Soja alikuwa ametuona. Akamfungulia. Majirani walipouvunja mlango, msichana alikuwa amevunjwa taya na mkono wa kuandikia.

Kijana alikamatwa. Watu wananiambia hilo kana kwamba ni dawa.

Wapakiaji wangu walikuwa na mabega sawa. Wakikasirikiana, kila mmoja angeweza kumwangusha mwenzake, na wote walilijua hilo. Huyu msichana alinipa siri moja tu aliyokuwa nayo ya kumlinda, mimi nikaipeleka kwa mtu yuleyule aliyekuwa anafichwa. Tena aliniogopa, si kidogo. Nilipouchukua ule ufunguo aliniogopa kuliko alivyomwogopa yule kijana. Siku hizi mwenye nyumba mpya akiingia kamatini akaanza kutoa hekima yake, mimi ndiye ninayemkatiza.

Baba wa msichana alikuja kuchukua vitu na pikapu ya kukodi, mkulima wa kahawa, kofia mkononi. Nilikuwa tayari na bahasha.

"Hospitali nitalipa yote, mzee mwenzangu."

"Watu wa kanisa walishachanga."

"Basi karo. Mpaka amalize."

"Amesema hatarudi." Alisema bila hasira. Mshauri alikuwa amemfuata msichana hadi Gakindu mara mbili, naye akakataa hata kutoka chumbani.

Walipomaliza kupakia, dereva alitaka pesa yake kabla ya kuwasha gari. Mzee alipapasa mifuko, pesa zikapungua. Ndipo akaniangalia usoni mara ya kwanza.

"Hiyo unaweza kulipa," akasema.

Nililipa. Shilingi elfu tatu na mia tano.