Viazi Vilivyoshikwa na Mtu Aliyeondoka

Sikuwahi kudumu katika kazi moja. Shule niliiacha darasa la sita, nikapasua mbao Njombe, nikauza betri mnadani, kisha nikajikuta Makambako nikiangalia kompyuta nne za kafe ya intaneti, jirani na maegesho ya malori. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila aliyeweza alitaka gari lake barabarani. Chama kimoja cha wasafirishaji kilikuwa kimeweka mtandaoni programu ya kutafutia mizigo. Mwenye mzigo anaandika ana nini na unakwenda wapi. Dereva anatafuta, anaufungua, na kuanzia hapo unafichwa kwa wengine mpaka aukubali, aukatae, au abonyeze kitufe cha kutoka.

Kitufe hicho hakuna aliyekipenda. Madereva walikuwa wamezoea foleni ya bomba: unaweka ndoo yako, unakwenda zako sokoni, unarudi unaikuta imesogezwa mbele. Wakaichukulia kompyuta vivyo hivyo. Mtu anafungua mzigo, anaona si mbaya, anazima mashine kwa kidole kama anazima redio, anakwenda kutafuta mzigo mnono zaidi. Hapa kiti kiko wazi, lakini kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyoko Njombe, yeye bado ameketi.

Ijumaa moja alikuja mama mmoja Mbena, amejifunga khanga ya usharika wake. Viazi vyake, magunia ya lumbesa yaliyojazwa kupita kipimo, vilikuwa vimeshushwa kando ya barabara chini ya turubai lenye matundu, na gari lililovileta lilikuwa limeshageuza. Nilimwandikia mzigo wake asubuhi: viazi, Dar es Salaam. Akakaa kwenye benchi. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Njombe.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, mama."

"Malori yote haya yanapita matupu, hayali viazi?"

Nilishindwa kutulia. Nikaingia kwa jina langu, nikatafuta viazi. Hakuna. Nikajaribu Dar es Salaam. Ikaja mizigo ya mbao na mahindi, viazi hakuna. Nikamwomba mama aingie kwa jina lake, tukafungua ukurasa wake. Mzigo ulikuwepo, na chini yake maandishi: unaangaliwa. Lilikuwepo na jina la anayeuangalia. Nilimjua, dereva mmoja wa Tanga aliyekuwa amekaa kwenye kompyuta ya dirishani saa nyingi zilizopita.

Nikapiga simu Njombe kwa fundi wa seva. Akasema anaweza kuizima na kuiwasha upya, ila atawatupa nje watu wote, hata wanaokubaliana mizigo dakika ile. "Mtafute mwenyewe atoke vizuri," akasema.

Nikamwachia mama kafe, nikatoka mbio. Kwenye maegesho hayupo. Kwa fundi wa matairi hayupo. Nikamkuta nyuma ya msikiti, swala imeisha, anakula pilau na wenzake.

"Kaka, umeshika viazi vya mama wa watu."

"Mimi? Mikono yangu hii hapa, ina pilau."

Wenzake wakacheka. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Dogo, ile ni ndoo yangu. Nikikosa mbao, navichukua."

"Ndoo ya bombani watu wanaiona. Ikiwa tupu wanaisogeza. Yako haionekani, na aliye nyuma yako hajui kama kuna foleni. Njoo uone turubai lake."

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye sahani. Akatazama juu, akalamba vidole, akasimama. Njiani alinilaumu kwa kumharibia chakula. Alipofika kafe, mama alimtazama tu.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

Alivuta kiti, akaketi. Aliingiza jina lake na neno lake la siri, akaukuta mzigo alipouacha, akabonyeza kutoka. Nikamwambia asubiri mpaka jina lake lipotee kwenye ukurasa wa mama. Lilipopotea, dereva wa Songea aliyekuwa kwenye kompyuta ya pembeni akageuka.

"Viazi vya Dar! Nimevitafuta tangu niingie, vilikuwa wapi?"

Akaukubali hapo hapo, wakapakia mvua ikinyesha. Yule wa Tanga alivua kanzu akabeba naye, akilalamika kila gunia. Magunia ya chini yalikuwa yameloa. Mama aliyafungua moja moja, akichagua viazi vilivyoanza kulainika na kuvitupa mtaroni. Yaliyobaki yakapanda. Alikaa mbele na dereva wa Songea, miguu ina tope hadi magotini, na gari likaondoka.

Mimi nilirudi ndani, nikawaomba wenye mizigo waliokuwa kafe wafungue kurasa zao, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta mingine iliyoandikwa kuwa inaangaliwa. Ilikuwepo. Nikachukua kofia yangu, nikarudi kwenye maegesho kuwatafuta walioishika.