Nilivyoisifu Sombe ya Kwa Mama Zaina

Kwetu Kabambare mwanaume hali chakula mbele ya mama mukwe wake, ni haya kubwa, na wangu alikuwa amekuja kukaa kwangu. Kwa hiyo raha yangu ilikuwa hoteli ya Mama Zaina, hapa Kasongo. Siku ile mwenyewe alikuwa ameungua mkono, hakupika, alituletea sahani tu. Nami, karani mukubwa wa pamba, nilimaliza bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, nikalamba vidole, nikatangaza:

"Sombe ndiyo hii! Ya mama mukwe wangu ni majani ya mbuzi!"

Hoteli nzima ilicheka. Nilijiona sultani. Nikaita sahani ya pili, kinywa kimejaa.

Sauti ninayoijua sana ikatoka jikoni:

"Mama Zaina, mupelekee mukwe wangu. Umuambie sombe ingali iko nyingi, na leo nimepika mimi."