Shahidi wa Dawa ya Mizizi

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Shahidi, naye aliitika. Zamani alikuwa seremala. Mgongo ulipomgomea akaweka randa chini, akawa anashinda kwenye benchi mbele ya duka la mkewe, mama mchapakazi aliyeuza mizizi na magome kwa mafungu. Cherehani yangu ilikuwa kibaraza cha pili, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Dawa iliyompa mama yule sifa ni ya wanaume wanaoamkaamka usiku kwenda haja ndogo. Mteja akisitasita, mama hakubishana naye. Alimwonyesha benchi tu, amuulize mumewe. Shahidi angekohoa kidogo, anyooshe miguu, aseme kwamba tangu aanze kuinywa analala fofofo hadi asubuhi. Hapo mteja keshatia mkono mfukoni. Nilikuwa nikimtania kwamba anastahili mshahara na likizo. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na akishapata chakula cha mchana alisinzia palepale, kidevu kifuani. Kwa mtu anayelala fofofo, usingizi ule ulikuwa mwingi mno.

Siku moja akaja rafiki yake, mchomeleaji wa mageti, bingwa wa porojo. Siku hiyo porojo hakuwa nazo. Alikaa kando ya Shahidi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mkojo wake umeanza kutoka na damu, kwamba hospitali wamempangia vipimo kesho yake, na kwamba yeye na kisu hawapatani. Kama dawa ya shemeji imemponya mwenzake, hospitali haendi ng'o.

"Niambie wewe, kaka," alisema. "Neno lako linanitosha."

Mama alikuwa ameshaanza kufunga fungu. Shahidi alimtazama mkewe, kisha akainamia viganja vyake. Mimi nikaacha kukanyaga cherehani. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana akisema kweli anamwaibisha mkewe mbele za watu, na akisema uongo huenda akamzika rafiki yake.

"Mimi bado naamka," alisema. "Kila usiku. Sijapona, na kupimwa sijawahi. Nenda hospitali, ndugu yangu."

Shahidi hakuthubutu kuinua uso. Akaanza kumwomba mkewe radhi, kwamba alimwona anavyojivunia dawa ile, akakosa pa kuanzia, na uongo ukazoeleka.

Nilitegemea kishindo. Mama yule hakuwa mtu wa kumeza maneno. Mimi mwenyewe alishanipa yangu kwa sababu ya vipande vya vitambaa mlangoni kwake. Lakini alifungua kamba taratibu, akarudisha mizizi kapuni, akatoka nje, akajibana kwenye benchi katikati yao. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa pale.

"Najua, mzee wangu," alisema. "Kwani ile taa ya uani, ya njia ya chooni, unadhani huwa nasahau kuizima?"

Shahidi alimgeukia. Mama akaendelea:

"Mkipimwa, mnapimwa wote wawili. Nimechoka kujifanya nimelala, huku nasikiliza kama utarudi kitandani."